Mkono Mwingine Kwenye Piano ya Bibi

Nilipojifungua mtoto wa pili nilikaa nyumbani muda mrefu bila wasiwasi wa wateja. Mafundi wa piano katika jiji hili tuko wachache, na wateja wangu nilijua watanisubiri. Hasa bibi mmoja wa Kariakoo, anayeishi juu ya duka la vitenge la wanawe. Piano yake nimeihudumia tangu nikiwa msichana. Unyevu wa Dar huvimbisha mbao, vibonyezo vikakwama, nyundo zinazogonga nyuzi zikachelewa kurudi. Kila masika yakiisha nilikuwa napanda zile ngazi.

Siku niliyorudi nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamuulizia mtoto. Nikafungua piano, nikang'oa vibonyezo viwili vitatu. Chini yake sikukuta viduara vyangu vya kitambaa, vile ninavyoweka kupima kila kibonyezo kizame kiasi gani. Kulikuwa na vipya, vya sufu ya kijivu, sufu ya koti la mitumba. Fundi mwingine alikuwa amepita hapa.

Nilimuuliza kwa upole aliyekuja ni nani. Akasema ni yule kijana wa Buguruni, niliyejifunza naye kazi kwa mzee mmoja. Bibi hakutaka kunisumbua nikiwa na kichanga. Nikarudisha vibonyezo, naye bibi akaketi akapiga kidogo.

"Siku hizi vibonyezo vinanifuata mimi, mwanangu," alisema. "Zamani nilikuwa navifuata."

Nilitabasamu, kisha nikaanza kutafuta kosa. Nilibonyeza kimoja kimoja, taratibu, nikitazama kila nyundo inavyopanda na kuachia karibu na uzi. Zote ziliachia mahali pamoja. Niliomba nipate hata moja inayosuasua. Sikupata. Nikafuta vumbi, nikaaga.

Nyumbani mume wangu alisema nimenuna kama mke aliyeletewa mwenza. Sikucheka. Nililala na lile neno la bibi, nikaamka nalo, mpaka siku moja nikambeba mtoto mgongoni nikaenda Buguruni.

Nilimkuta yule kijana nje ya chumba chake, ametandaza vipande vya sufu kwenye mkeka. Alidhani nimekuja kugombana, akaanza kuomba radhi kwa kuingilia mteja wangu. Nikamkatiza.

"Nionyeshe ulivyofanya."

Akanionyesha. Kule kwa bibi alikata viduara vya unene tofauti, akavibadilisha huku bibi mwenyewe akipiga, yeye akitazama vidole vya bibi vilivyokakamaa kwa baridi yabisi. Mimi miaka yote nilipima kwa vidole vyangu. Nilimsikiliza vizuri, nikauliza maswali, na wivu haukupungua hata kidogo.

Sasa tunafanya kazi pamoja mara kwa mara. Tunaenda wote soko la mitumba la Mchikichini kuchagua makoti, na nakiri jicho lake la kuchagua sufu limenizidi. Ila kwa bibi nilimwambia kijana naenda peke yangu, akakubali.

Juzi nikasikia amepita Kariakoo kumsalimia. Nilimpigia bibi simu, nikazunguka kwanza kwa habari za afya na wajukuu, ndipo nikauliza kama kijana aligusa piano. Akasema alikunywa chai tu, akaenda zake.

Kesho yake nilipita kuhakikisha.