Siku Tusekile Alipomshika Mkwewe

Wifi yangu Tusekile alikaa kwetu Ngonga miaka minne bila kumtazama usoni baba yangu, Asegelile. Ndiyo desturi yetu. Mke wa mwana hamtazami mkwewe wala hamtaji jina, na akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani. Akivunja mwiko, mimba yake haiwi salama. Baba akitaka jambo kwake, ananituma mimi. Hata walipobatizwa hawakuiacha desturi hiyo.

Tusekile alikuwa mcheshi. Katika mafundisho ya ubatizo mwalimu Yakobo alituambia tuwaheshimu baba na mama, tena tuwatii wenye mamlaka. Tusekile akauliza, "Na hao wakigombana, mwalimu?" Watu wakacheka. Yakobo naye akacheka, akaendelea na somo.

Vita ya Wajerumani na Waingereza ilipoanza ng'ambo ya mto Songwe, askari wa Kijerumani walikuja kukamata wapagazi. Baba akawaambia kaka zangu, mume wa Tusekile akiwemo, wajifiche kwenye matete, nao wakamtii. Shaushi, mkubwa wa wale askari, alipokuta hakuna vijana alimpiga baba mdomoni kwa kitako cha bunduki. Meno mawili yakatoka. Akaamuru hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Baba akalazwa kifudifudi uani, mbele yangu na mama, mikono ikafungwa kwenye nguzo ya zizi.

"Wewe mwenye tumbo!" shaushi akamwita Tusekile, aliyejifunika kaniki nyuma ya mlango. "Toka umshike miguu."

"Siwezi, bwana. Ni mkwe wangu."

"Kumbe! Hapa wazee wanaogopwa kuliko serikali?"

Askari wakacheka. Mmoja akamburuta nje, macho ameyafumba. Kiboko kikampasua Tusekile nguo mgongoni, halafu ngozi, damu ikashuka hadi visiginoni. Mama akapiga kelele, akapigwa teke la mbavu. Tusekile alijikunja akilikinga tumbo kwa mikono, na kila pigo likawa linavunja vidole. "Siwezi," alisema tu. "Siwezi."

Ndipo baba akasema, mdomo umejaa damu. Hakunituma mimi.

"Tusekile. Mwanangu. Njoo unishike."

"Tata, usinitume hilo."

"Nimekutuma. Mimi ndiye baba yako. Njoo, kabla hawajamuua mtoto."

Akaenda kwa magoti, akaikumbatia miguu ya baba, paji la uso juu ya nyayo zake. Kiboko kikaanza. Nyama ilikuwa inaruka mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Baba akitikisika, naye anatikisika, lakini hakuachia. Baba hakulia. Alikuwa anasema, "Vema, mwanangu, vema," mpaka sauti ikakatika. Shaushi aliendelea kupiga maiti mpaka hesabu yake ikatimia.

Wazee waliokuja kuzika walisema Tusekile asilie pamoja na wanawake kabla ya kutakaswa, maana amemgusa mkwe. Mama akasimama mbele yao ameshika mbavu.

"Alitumwa na baba yake. Nani kati yenu alikuwepo amtume vingine?"

Wanawake wakampisha Tusekile, akaketi akalia nao.

Mtoto alizaliwa miezi miwili baadaye, mzima. Vidole vya mama yake havikunyooka tena. Akimnyonyesha, anamshikilia kwa kiwiko.