Kavira Aliyelala Nje

Arua nzima ilimjua Kavira, mke wa fundi Kasereka, kuwa ni mwanamke asiyejua kusamehe. Miaka minane alilala nje, kwenye kibanda cha kupikia kisicho na kuta, na mumewe akalala ndani peke yake. Watu wakatikisa vichwa, wakamhurumia fundi. Huruma ile alistahili kuipata, sikatai. Ila sababu yake waliikosea kabisa, na aliyeijua alinyamaza.

Walikuja Arua mwaka wa sabini na moja, juu ya lori la wauza samaki wa chumvi kutoka Mahagi. Walikuja na kikapu cha vyombo, mwiko wa ujenzi, timazi na mkeka mmoja. Kwao ni Kongo, upande wa Beni, chini ya milima ya Ruwenzori, na huko ndiko walikomwacha Martine, binti yao wa pekee, kaburini. Alikuwa na miaka sita.

Ardhi ya kwao ilitetemeka mara mbili mwaka wa sitini na sita. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu, alfajiri ya Jumapili. Nyumba zililala chini pande zote mbili za mpaka, na watu walizikwa kwa mafungu. Nyumba ya Kasereka ilibaki imesimama, na ufa mmoja tu juu ya mlango. Wakahamia nje kama wenzao, chini ya majani ya migomba, na mvua ya miezi ile haikuwa na adabu hata kidogo.

Mwezi wa tano Martine akaanza kukohoa. Kavira akataka warudi ndani.

"Tungoje," Kasereka akasema. "Ule ufa siuamini."

"Wewe ni fundi wa namna gani, unaogopa ukuta uliojenga mwenyewe?" Kavira akamjibu, maana siku tatu alikuwa hajalala. "Mutoto afe na baridi, ndiyo utafurahi?"

Maneno yale yalimchoma. Kasereka akambeba mtoto, akamlaza ndani, akamfunika. Kavira akatoka na sufuria kukinga maji ya mvua. Kasereka alikuwa uani anachanja kuni. Ardhi ikatetemeka mara ya pili, na ukuta wa mbele ukaangukia ndani.

Matangani wajomba wakauliza, kama ilivyo desturi: nani alimrudisha mtoto ndani? Kasereka akajibu kabla swali halijatua. "Ni mimi. Ni mimi nilisema turudi."

Kavira alikuwepo, ameketi kati ya wanawake, na alisikia. Akangoja pumzi imrudie ndipo aseme ukweli. Pumzi ilipomrudia, maneno ya mumewe yalikwisha kuvuka mto na kufika vijiji vya pili. Akanyamaza siku ile. Ya kesho yake ikawa rahisi zaidi kunyamaza, na ya keshokutwa rahisi kuliko ya kesho. Watu wakaacha kumpa Kasereka kazi. Nani ajengewe na fundi ambaye ukuta wake umeua mwanawe? Ndiyo maana wakahama.

Arua haikuwa na habari zake, ikampa kazi tele. Akajenga maduka, akajenga vyoo vya shule, akajenga na nyumba yake mwenyewe kando ya njia ya Ombaci, ya matofali ya kuchoma na bati juu. Alipomaliza alimwita mkewe aione. Kavira akasimama mlangoni, akasema ahsante, kisha akaenda kutandika mkeka wake kibandani.

Jirani yao Ayikoru, Mlugbara muuza simsim, hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Mama Kongo, wewe iko na bwana, iko na nyumba ya bati. Kwa nini nalala inje sawa mbuzi?"

"Nazoea inje."

"Bwana iko ndani, bibi iko inje. Sasa mutoto itatoka wapi? Itaanguka na mvua?"

Kavira alicheka, maana Ayikoru alikuwa anachekesha. Kisha akageukia moto akaupuliza sana, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.

Wanande wengine, watu wa kabila lao, waliofuata baadaye kufanya biashara Arua walikuja na habari za Martine, na mji ukapata maelezo yake: mama amekataa kulala chini ya dari ya aliyemuua mwanawe. Kasereka hakubisha. Mwaka wa sabini na nne aliibomoa nyumba ya matofali kwa mikono yake, akauza bati, akajifunza kwa Walugbara kujenga kwa miti na nyasi. Akasimamisha nyumba ya mviringo, nyepesi, isiyo na tofali hata moja.

"Hii ikianguka, Mama Martine, itaumiza kuku tu," akamwambia.

Kavira akaitazama. Hofu ya kuta ilikuwa imemwisha siku nyingi, hilo alilijua mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa aibu. Mumewe alikuwa anajenga nyumba za kuomba radhi, na wa kuomba radhi alikuwa yeye Kavira. Angeingiaje? Akampelekea chakula mpaka kizingitini, akarudi kibandani. Kasereka akawa anaifagia nyumba yake mwenyewe, na wanaume wa mtaani wakamcheka kwa ufagio ule.

Siku moja mwaka wa sabini na sita, saa nne asubuhi, Kavira alikuwa sokoni wakati madebe ya mafuta yalipoanza kugongana yenyewe. Ilikuwa tetemeko dogo tu. Watu wa Arua walisema "Eee!" wakaendelea kupima muhogo. Kavira aliacha ndizi zake chini akakimbia mpaka nyumbani. Alimkuta Kasereka ndani ya nyumba ya nyasi, mgongo umebana ukuta, mikono imetanuliwa kuuzuia usianguke. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Mutoshe!" alikuwa anapiga kelele, yaani mtoe, kwa Kiswahili cha kwao. "Mutoshe mutoto!"

Kavira alisimama kizingitini akamwita jina lake mpaka akasikia. Akatoka, akakaa chini, akalia kama watoto wanavyolia, bila kujificha uso.

Jumapili ile Romano, katekista wa Ombaci aliyewahi kufundisha shule, alipita kuwasalimu. Kasereka akamuuliza kitu alichokuwa hajawahi kumuuliza mtu: ardhi inatetemeka kwa sababu gani? Kwao walikuwa wameambiwa ni mizimu ya mlima, padri akasema ni dhambi.

"Fundi, wewe najua plasta," Romano akasema. "Ikivutwa huku na huku, inafanya nini?"

"Inapasuka."

"Basi, dunia iko vile. Kwenu iko ufa mukubwa, bonde lote lile. Huku navuta, huku navuta, polepole, miaka mingi. Siku moja inashindwa, inaruka. Hakuna mutu nafanya makosa."

"Na ule ufa unaishia wapi?"

"Haishii. Inapita Ziwa Albert, inafuata Naili, hapo chini yetu tu."

Kasereka akatazama mikono yake. "Kumbe tuliufuata," akasema.

Romano alipoondoka, Kavira akaona ndiyo siku yenyewe. Hakuna mtu aliyekosa, katekista amesema. "Baba Martine," akaanza, "ile siku, ni mimi nilikuambia..."

"Acha," Kasereka akasema kwa upole. "Najua nani alisema nini. Mimi naweza kuibeba. Wewe ungekufa."

Kavira, Mungu amrehemu, akakubali. Sisemi alikuwa mbaya. Ukishabebewa mzigo na mwingine, mgongo wako unazoea haraka.

Februari ya sabini na tisa Kasereka alipata kazi Koboko, nyumba na duka la Sulaiti, Mkakwa wa kabila moja na rais, mwenye gari la mizigo. Vita vilikuwa bado kusini, mambo ya redioni. Mwezi wa nne Kampala ikaanguka, na malori ya askari yakaanza kupita Arua yakielekea kaskazini, yamejaa magodoro na wanawake. Kasereka alikuja nyumbani siku mbili, akasema amebakiza lipu tu.

Asubuhi ya kuondoka Kavira akamsindikiza mpaka barabarani. Zile siku za malori zilikuwa zimemfundisha kwamba wakati haumngoji mtu.

"Ukirudi, mimi niko na maneno," akasema. "Na si hapa inje. Ya ndani."

Kasereka akamtazama, kisha akautazama mkeka uliokuwa umeanikwa kibandani.

"Ya ndani?"

"Ya ndani. Na kisha nitayasema kanisani, watu wote wasikie."

Akacheka. Kavira hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu Beni. "Basi nitarudi mbio," akasema.

Kavira akafua blanketi. Akakunja mkeka akauweka kando ya mlango wa nyumba ya nyasi. Hakuingia, alitaka aingizwe na mwenyewe.

Siku ya tisa gari la Sulaiti likasimama uani. Nyuma, kati ya mabunda ya familia iliyokuwa inakimbia, palikuwa na kitu kimefungwa shuka.

"Mama, pole," Sulaiti akasema. Hakuweza kumtazama. "Mzee ilishikwa na malaria ya kichwa. Siku tatu tu. Dispensari iko na kufuli, daktari yote imekimbia."

"Alisema nini?"

"Ilisema, peleka mimi nyumbani, bibi iko na maneno."

Sulaiti alikuwa anakimbilia Sudan, na alirudi kusini maili arobaini, kinyume na kila mtu, ili amfikishe fundi wake. Mtu wa namna ile asisahauliwe.

Kesho yake, kabla ya kuzika, mzee Jacques, mkubwa wa Wanande wa Arua, akasimama kueleza maisha ya marehemu. "Kasereka alikuwa fundi muzuri, mutu wa amani," akasema. "Alikosa mara moja tu, juu ya mutoto wake. Leo tunamusamehe."

"Hamuna kitu cha kumusamehe," Kavira akasema.

Akasimama. Akaeleza yote: ufa juu ya mlango, kikohozi, maneno aliyomchoma nayo mumewe. "Yeye alikataa. Mimi nilimusukuma. Mukauliza, akajitaja, na mimi nikanyamaza miaka kumi na mitatu juu niliogopa. Mulikuwa munamusema, na mimi nilikuwa nakula chakula chake."

Ayikoru ndiye aliyeuliza, taratibu, "Na yeye ilijua?"

"Alijua. Nilitaka nyinyi mujue, na yeye akiwa anasikia."

Wakazika. Baadaye Ayikoru akamletea mkeka wake, amtandikie kibandani kama siku zote. Kavira akatikisa kichwa. Jua bado lilikuwa juu alipovuka kizingiti kile kwa mara ya kwanza.

Kitanda kilikuwa cha watu wawili, cha kamba, na godoro la nyasi. Upande wa mlangoni ulikuwa umebonyea na kuwa mgumu, umechongeka umbo la mwanamume anayelala ukingoni asichukue nafasi ya mtu. Upande wa ukutani ulikuwa umejaa bado, kama ulivyoshonwa. Kavira akapanda pale, upande wake, akalala.