Mume wangu rubani anasinzia, nami nimesema ni pombe

Wasomaji wenzangu, nimemwomba mhariri wa ukurasa huu alifiche jina langu. Nina miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Maretadu, mama wa watoto wawili. Tunaishi nyumba za wafanyakazi kwenye mashamba ya ngano ya serikali, upande wa Basotu. Mume wangu ni rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa. Wanawake wenzangu wananionea wivu. Laiti wangejua.

Mwaka jana alikwenda kupimwa afya. Daktari wa marubani akakuta presha imepita kiwango, akamnyima cheti mpaka ishuke. Alirudi kama kuku aliyenyeshewa. Akatafuta vidonge hospitali nyingine, presha ikashuka kweli, cheti akapewa. Lakini daktari yule hakuambiwa habari za vidonge, kwa sababu vinaleta usingizi na rubani haruhusiwi kuvimeza. Nilimbembeleza aviache. Aliacha kidogo tu, presha ikapanda, kichwa kikamuuma mpaka akatapika. Nikimsema tena anafoka, "Ukifungua mdomo tunahama hapa na magodoro kichwani. Unataka nikalime maharage ya baba yako?"

Mwezi uliopita tulikwenda kwetu kusalimia. Asubuhi baba anamuuliza habari za ngano, mwenzangu akasinzia katikati ya jibu, uji ukamwagika mapajani. Mbele ya baba mkwe! Nilitamani ardhi ipasuke. Baba akaniita pembeni: "Mwanangu, mumeo amekunywa asubuhi yote hii?" Na mimi mjinga nikajibu, "Ndiyo baba, ni pombe." Nilidhani namsitiri.

Sasa baba ametuma ujumbe kwamba Jumatatu anakuja mwenyewe kwa meneja wa mashamba, kusema mlevi asipewe ndege. Na mume wangu hajaonja pombe tangu nimjue! Nikimtetea, lazima nitaje vidonge, na kazi imekwisha. Nikinyamaza, atafukuzwa kwa ulevi, na nani atamwajiri tena? Na hata nikimzuia baba asije, mume wangu ataendelea kuruka chini chini juu ya ngano na macho yake mazito. Ndege ikiinama nyuma ya miti naacha kufua, nasikiliza kama itainuka. Nimechoka, sioni njia.

Hiyo Jumatatu naye ana zamu ya kuruka. Nishaurini, ndugu zangu. Nimnyang'anye kazi kwa mdomo wangu mwenyewe, au nimpikie chai aende?