Gazeti la Paka au la Kikombe

Wenzangu mliokulia Temeke enzi za Mwingereza mnakumbuka jinsi mtoto alivyoweza kutumwa mkaa asubuhi akarudi jioni, na mkaa wenyewe hana. Mie nilikuwa bingwa wa mambo hayo. Shule nilishaiacha darasa la tatu, maana dirisha la darasa lilitazama barabara, na barabarani kulikuwa na mengi kuliko ubaoni. Asubuhi moja nikajitwika kikapu, nikampita muuza mkaa, nikaendelea tu.

Nyumbani niliacha mashauri mazito. Mama na jirani zake walikuwa wanachanga walipie gazeti la kudarizi, liwe linaletwa kwa posta kutoka Uingereza kila mwezi. Mchango ulitosha gazeti moja. Mume wa Mama Ester, karani wa ofisi moja mjini, alikuwa amewaletea nakala kuukuu za magazeti matatu, na kwa kuwa hakuna aliyejua Kiingereza, waliyaita kwa picha za mbele: la Paka, la Kikombe na la Bibi Mwavuli. Mama alikuwa na kipimo chake. Alilishika gazeti kwa mgongo, akalitikisa. Likidondosha karatasi za maua, zile za kupiga pasi ya mkaa ua likahamia kwenye kitambaa, basi hilo ni gazeti. La Bibi Mwavuli halikudondosha kitu, lilijaa masweta. Mama Ester alilipenda hilohilo, kwao ni mlimani Kilimanjaro.

"Mama Ester, hapa Temeke sweta tumvalishe nani?" Mama alimuuliza. "Labda mtungi wa maji, ndio peke yake wenye baridi."

Likabaki la Paka na la Kikombe, na wengi walikuwa upande wa Paka kwa sababu ya ua la tausi lililodondoka humo. Kesho yake asubuhi hela ziende posta. Aliyekosa usingizi ni mama mdogo Asumini. Alikuwa anaolewa Kinondoni, na mnajua wakwe wa siku zile: wakiingia chumbani kwa bibi harusi wanakwenda moja kwa moja kwenye foronya, wanazigeuza ndani nje kutazama mafundo. "Nikikutwa na ua walilonalo wao," alisema, "watasema nimeiga, na nitaimbwa mpaka nizeeke."

Hayo yalikuwa kichwani mwangu pamoja na kikapu. Nikakata Keko, nikapita Kariakoo nikinusa mihogo ya kukaanga, nikavuka Jangwani. Njia nzima nilikuwa natazama kamba za nguo, kila uani ua lake: kasuku, mawaridi, meli yenye bendera. Kufika Magomeni ndipo udadisi uliponishika. Hivi hao wakwe wa Kinondoni wanaletewa gazeti lipi?

Nikauliza njia, nikauliza nyumba, na jua limeshaanza kulegea nilipoliona jibu kwenye kamba. Tausi. Foronya mbili nzima, mkia umejaa uzi. Nilisimama hapo mpaka bibi mmoja mnene akatoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umezikodolea macho foronya zangu, unataka kuzianua?"

"Naangalia ua."

"Wa wapi wewe?"

"Temeke. Kwa kina Asumini."

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa Bi Tatu, bibi yake bwana harusi. "Kumbe wametuma mpelelezi."

"Hawajanituma, bibi. Nimetumwa mkaa."

Akachungulia kikapu kitupu, akacheka upya. Kurudi Temeke jioni ile hakukuwezekana, hivyo akamwita mjukuu wake, bwana harusi mwenyewe, aende kwetu kutoa habari. Bwana harusi hajamaliza kuambiwa, kengele ya baiskeli ilishasikika barabarani. La gazeti hakuambiwa. Mambo ya foronya hayakuwa ya wanaume.

Nilipewa wali wa nazi na samaki, kisha Bi Tatu akafungua sanduku akatoa magazeti yao. La Paka, yote. Nikamweleza kwamba kesho asubuhi na sisi tunalipia hilohilo.

"Ili iweje? Mwambie mama yako achukue la Kikombe. Likija mtuazime, sie tutawaazima la Paka. Na harusini mje na ua nisilolijua, nipate raha ya kugeuza."

Nikalazwa chumba cha mbele, kichwa juu ya tausi. Alfajiri bwana harusi akanipakia kwenye baiskeli. Mama tulimkuta mlangoni, kanga begani, hela zimefungwa pindoni. Alishafungua mdomo anigombeze, akasita, akanishika kidevu. Shavuni mwangu alama ya mkia wa tausi ilikuwa haijafutika.

"Wanalo," alisema, akaketi kizingitini. Nikamweleza mengine. Siku ile posta kilikwenda Kikombe, na harusini Bi Tatu aligeuza foronya ya mawaridi yanayotambaa, akaitazama kwa muda, kisha akapiga kigelegele.

Vijana wa leo wanachagua ua kwa kidole kwenye simu, na kabla halijawakolea wameshapata jingine. Mjukuu wa dada yangu aliniuliza tuliwezaje kusubiri gazeti lije na meli, tulikuwa tunafanya nini. Nikamwambia tulikuwa tunadarizi.

Mie miguu haikutulia tena. Nimelala Lindi, Tanga, Tabora, kwa watu nisiowajua, na kila nilipopewa kitanda nilianza kwa kugeuza foronya, nikajua nimefikia kwa mtu wa namna gani. Siku hizi nafika mji mgeni, napewa ufunguo wa chumba, nageuza foronya nakuta mshono wa mashine na lebo ya kiwanda. Nalala vizuri tu. Ila asubuhi nikijitazama kwenye kioo, shavu halina kitu.