Mwalimu Alipomwita Nyasatu

Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kutengeneza mashine za mitumbwi hapa Makoko, Musoma. Sijui kupamba maneno. Ninachoandika kilitokea mchana, mbele ya darasa zima, na sikuwa nimelewa wala kuumwa. Ukikataa kuamini sitakulaumu. Hata mimi kuna siku natamani iwe niliota.

Mke wangu, Mwalimu Nyangoma, alikuwa akifundisha kisiwani Rukuba. Kule watoto wengi ni wa kambi za dagaa. Mwezi ukiwa giza, wazazi wanavua usiku, na asubuhi mtoto yuko ufukweni anaanika dagaa. Shule anaiona kwa mbali tu. Walimu wengine waliishia kuandika watoro. Yeye alichukua simu yake, akawa anajirekodi anafundisha, anaweka masomo kwenye memori kadi, na kadi anawapa wavuvi waziweke kwenye redio zao ndogo. Ungepita ufukweni ungesikia sehemu za hesabu, nusu na robo, zinatajwa huku mikono inatawanya dagaa. Akina mama nao walikuwa wakijibu. Walimu wa Bunda walivuka maji kuja kuona anavyofanya, na kwao mke wangu, Butiama, wakamwita akawaonyeshe.

Alikuwa na mtindo wake. Akishauliza swali, ananyamaza ili mtoto ajibu, halafu anatoa jibu. Na hakutaja jina la mtoto hata mmoja, kwa sababu kadi zilikwenda kila kambi. Nilimuuliza mwenyewe, akaniambia mtoto akisikia jina la mwenzake ataona somo si lake. Shika hapo, maana ndipo penye kisa.

Alifariki kwa ugonjwa mfupi, tukamzika Kiriba kwetu. Binti yetu, Nyasatu, aliyekuwa darasa la saba na akiishi na mama yake kisiwani, hakutamka neno tangu kaburi lilipofukiwa. Alijifunika kichwa na uso kwa kanga ya mama yake, akawa anakaa hivyo. Hospitali walimwangalia koo, wakasema ni zima. Nilikuwa nimezika mke, na sasa naona mtoto anakwenda taratibu mbele ya macho yangu. Ungefanya nini?

Mwalimu mkuu, mama mmoja mtu wa Bunda, akanipigia simu. Alisema mtihani umekaribia, watoto hawana mwalimu wa hesabu, niwapelekee spika ya sola aliyoiacha mke wangu na kadi zake, na nimlete Nyasatu akae na wenzake.

Kwetu, mpaka msiba umalizwe, vitu vya marehemu havitoki nje. Na ukisikia sauti yake inakuita, huitiki. Ukiitika umekubali kumfuata. Sisi ni watu wa kanisani, lakini hilo hakuna anayelichezea. Nilipomwambia baba mdogo, alisema, "Kijana wangu, ukimpeleka mtoto kwenye sauti hiyo, utarudi peke yako."

Nilikwenda. Sina namna nzuri ya kueleza kwa nini. Niliona nyumbani pia nampoteza.

Tulifika Rukuba mvua ikianza. Darasa lilikuwa na giza, bati linapiga kelele. Watoto walimsogezea Nyasatu nafasi kwenye dawati, na mmoja akamtania kwamba hata akijifunika vile wanamjua kwa miguu yake mirefu. Hakucheka. Mimi nilisimama nyuma yake. Mwalimu mkuu akaweka kadi, taa nyekundu ya spika ikawaka.

Sauti ya mke wangu ikatoka, imechangamka kama nilivyoizoea. Niliinamisha kichwa. Aliuliza swali, watoto wakajibu kwa pamoja, akatoa jibu. Akauliza tena, wakajibu. Mvua ikapungua. Nikaanza kupumua.

Kisha akauliza nusu ukijumlisha na robo unapata ngapi. Watoto wakajibu. Tukasubiri atoe jibu.

Hakulitoa. Tulisubiri mpaka watoto wakaanza kuangaliana. Nilidhani chaji imekwisha, lakini taa ilikuwa inawaka. Mwalimu mkuu akasogea, akabonyeza kuzima. Taa ikazimika, nimeiona kwa macho yangu. Na sauti ikatoka kwenye spika iliyozimwa, tena ya chini, ile aliyokuwa akiitumia nyumbani.

"Toa kanga usoni, Nyasatu. Nimekuuliza wewe."

Niamini, hakuna mtoto aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Mmoja nyuma alinong'ona, "Usiitike, dada." Mwalimu mkuu alibaki na kidole juu ya spika. Nyasatu akasimama. Mkono wangu ulikuwa begani kwake, na mdomo wake ulikuwa karibu, ningeweza kuuziba. Nilimfikiria baba mdogo. Nikafikiria pia mtoto asiyesema tena mpaka mwisho.

Akashusha kanga. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Robo tatu, mwalimu."

Darasani hakumwitaga mama.

"Vizuri," spika ikasema. "Kaa."

Basi. Haikusema tena. Nyasatu akakaa, akaanza kulia kama mtoto anavyotakiwa kulia, na wenzake wakamshika.

Alifanya mtihani, akafaulu, sasa yuko sekondari. Anaongea, anacheka, anabishana na mimi kuhusu chumvi ya mboga. Zile kadi bado zinazunguka kambini, na walimu vijana wanarekodi za kwao kwa mtindo ule ule. Nimesikiliza kadi ile pamoja na mwalimu mkuu. Swali lipo, kimya kifupi kipo, na baada yake mke wangu anatoa jibu kama alivyorekodi. Jina halipo.

Lakini baba mdogo hajakanyaga kwangu mpaka leo. Na kuna jioni binti yangu anaosha vyombo nje, hakuna aliyemsemesha, nasikia anaitika, "Naam, mwalimu." Nikitoka namkuta ameinua uso, anasikiliza. Nikimuuliza ni nani, ananiambia nirudi ndani, si kitu. Nakaa mlangoni mpaka amalize.

Wewe unayesoma, kama simu yako ina sauti ya mtu uliyemzika, sikukatazi kuisikiliza. Ila usiisikilize ukiwa na mtoto wake kabla hujaamua utafanya nini akiitwa. Mimi sikuwa nimeamua. Mkono ulikuwa begani kwake, nikauacha pale, na mpaka sasa sijui nilimpa ruhusa ya kurudi au ya kwenda.