Mvinyo Mwekundu wa Send-off ya Neema

Nakumbuka Jumamosi moja kule Tegeta, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu Eda, nilipotiwa adabu mbele ya pipa la barafu. Mwanangu, nimehama sana katika mji huu. Sinza, Temeke, Kunduchi, kila nikikaa kidogo miguu inaanza kuwasha. Maneno mengi niliyoambiwa njiani nimeyaacha huko huko. Ya siku ile nimehama nayo.

Shangazi ni mtu wa Dodoma. Alipohamia Dar kuwa karibu na watoto, shamba lake la zabibu kule Hombolo alimwachia mdogo wake, ila kila msimu wa mavuno alipanda basi akaenda kusimamia mwenyewe. Mwaka mmoja zabibu zilitoka na ngozi nene, nyeusi kama zambarau zilizoiva. Akatengeneza mvinyo kwa jirani mwenye mapipa, akauleta Tegeta ukiwa kwenye chupa za vizibo, akazilaza chupa stoo juu ya mchanga, pasipofika jua. Akatangaza kuwa ni wa send-off, sherehe ya kumuaga binti yake Neema, ambaye wakati huo hata mchumba hakuwa naye.

Nilionja mwaka ule ule. Kinywa kilikauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Ulikuwa ukakasi unaoshika ulimi mpaka fizi! Nikamwambia shangazi atie sukari.

Akacheka. "Huu bado unagombana wenyewe. Uache uchoke."

Miaka ikapita, Neema akapata mwenzake. Wakwe walikuwa watu wa Moshi, wanaojua kinywaji na wasioona haya kusema kibaya ni kibaya. Siku ya mahari shangazi aliwaahidi mbele ya wazee kwamba binti yake atatoka nyumbani na mvinyo wa shamba la kwao. Ukiwa mbaya, mwanangu, Neema angeingia ukweni na kisa hicho, na kila Krismasi angekisikia.

Kamati ya sherehe ilinipa kazi ya vinywaji. Nikamwendea shangazi. "Tununue ule mtamu wa dukani. Wakwe watadhani tunawanywesha dawa ya minyoo."

"Wakidhani nitawaeleza. Wewe tafuta glasi."

Basi siku yenyewe nikafanya ambacho mtu yeyote wa Dar angefanya. Huku ukiagiza kinywaji unaulizwa ya baridi au ya moto, na ya moto ni ile tu ambayo haijaingia kwenye friji. Mgeni wa heshima humpi ya moto. Tangu mchana nikazizika chupa zote kwenye barafu, pamoja na bia na soda.

Jioni, muziki umeshakolea, shangazi akaja na gauni lake la kitenge, akataka kuonja. Akanywa funda moja, akalitema kwenye maua.

"Si nilikwambia?" nikasema, tena kwa raha kidogo. "Ni mkali vilevile."

"Nani kaziweka humu?"

"Mie. Wageni hawanywi ya moto, shangazi."

"Umeukaba koo kwa barafu, halafu unashangaa hauimbi."

Huko mbele MC akaanza kuniita kwenye spika: "Mtu wa vinywaji, meza kuu wana kiu! Au umeshakunywa mwenyewe?" Watu wakacheka. Shangazi akamtuma mtoto wa jirani kumwambia apige muziki mwingine, awachezeshe wakwe. Kisha akanifungulisha chupa, akanionyesha kumimina polepole kwenye majagi ya kioo, mashapo yakibaki chini. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukiyalinda majagi kama wagonjwa, tukisubiri baridi itoke.

"Ule ukakasi uliokuudhi," akaniambia, "ndio uliokuwa unaulinda mvinyo miaka yote hii. Lakini ukakasi peke yake si kitu. Mwaka uliofuata nilitengeneza mwingine, mkali hivyo hivyo, mwepesi kama maji. Niliumwaga. Haukuwa na tunda ndani, sasa ungeiva nini?"

"Ulijuaje kuwa huu una tunda?"

"Siku ile ulipoonja, baada ya ukali ulisikia nini?"

Nikafikiri. "Sikusubiri."

"Ndiyo hivyo, baba. Hukusubiri."

Akaligusa jagi kwa kiganja, akaona baridi imetoka, akamimina kidogo.

Alipoonja tena alifumba macho, akanipa glasi. Mwanangu, hata kama hunywi, nisikilize tu. Kulikuwa na zabibu zilizokauka, karafuu kwa mbali, na ile harufu ya udongo wa Dodoma mvua ya kwanza ikigusa. Ukakasi ulikuwepo bado, ila umelainika kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Na ladha ilikaa. Nilimeza, nikahesabu vidole, bado ipo.

Tukapeleka meza kuu. Baba mkubwa wa bwana harusi, mzee mmoja mnene mwenye sauti ya kanisani, akapiga funda, akalishikilia mdomoni. Turubai zima likamtazama. Shangazi alisimama wima, mikono kaifumbata. Mzee akameza taratibu.

"Mkwe," akasema, "kama leo mnatupa huu, kesho tutafurahia nini?"

"Kesho mtakuwa na Neema," shangazi akajibu.

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani walivisikia mpaka barabara ya Bagamoyo.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Ukikutana na kitu kikali, iwe kazi, mtaa mgeni au mtu mwenye maneno makavu, usikiteme kwa mguso wa kwanza. Subiri usikie kinachofuata. Ukikuta tunda, kipe mahali patulivu na miaka yake. Usipolikuta, kimwage bila majuto, maana kungoja hakuongezi kisichokuwamo. Na kabla ya kusema kitu kimeharibika, tazama kwanza wewe umekiweka wapi. Mimi nilichelewa kujifunza hili kwa sababu sikupenda kukaa, na wewe una miguu kama yangu, naiona.

Mungu akupe ulimi usio na haraka. Akupe kitu kimoja cha kukisubiri kwa moyo wote, na siku ya kukimimina, wote unaowapenda wawe wamekaa mezani.