Uwesu, Fundi wa Kulalia Vitambaa

Mimi Khalfani niliishia darasa la sita, tena hilo la sita nilipita kwa ubishi. Lakini ulizia Mtaa wa Sikukuu nani bingwa wa vifungo, zipu na uzi, utaletwa kwangu umeshikwa mkono. Ukuta kwa ukuta na kibanda changu yupo Uwesu, fundi cherehani kutoka Kilwa, jirani yangu mwaka wa ishirini na mbili huu.

Uwesu hakuwa na kitabu cha mitindo. Mteja akileta kitambaa anampima, basi. Mchana, akishaswali adhuhuri na kula, anakikunja kile kitambaa, anakiweka chini ya kichwa na kujilaza juu ya meza ya kukatia. Nusu saa. Akiamka haongei na mtu; anashika mkasi na kukata bila chaki. Ndiyo maana wanawake wa Kariakoo wakipita walikuwa wanauliza, "Fundi, changu umeshakilalia?" Mgeni akisikia anashtuka.

"Mshono unautoa wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Sijui, Khalfani. Nikilala sioni kitu. Nikiamka mkono unajua."

"Basi mkono wako umesoma kukuzidi."

Mwaka jana wateja wakaanza kuja na picha za akili mnemba. Unaiambia simu nataka gauni la lesi, mabega yapande. Hujameza mate, limechorwa. Uwesu akawa anawakatalia. Mimi mjuaji nikamcheka. "We Uwesu, mtambo ule umekula nguo za dunia nzima. Wewe umekula wali na maharage!" Nikamwekea huo mtambo kwenye simu yake kwa vidole vyangu hivi, nikamfundisha kuusemesha. Nilijisifu wiki nzima.

Akaanza kushona picha. Nyingine hazishoneki, mkono wa gauni umeota kiunoni, lakini alizipunguza hapa, akaongeza pale, wateja wakafurahi. Mchana hakulala tena. Alikodolea simu.

Mwezi wa nane Amira akaposwa. Ndiye binti pekee wa Uwesu, na tangu mdogo baba yake alimwahidi: gauni la harusi yako nitalilalia mwenyewe. Akaletewa lesi ya rangi ya maziwa.

Uwesu akailalia. Akaamka, akashika mkasi, akausimamisha juu ya lesi, kisha akaurudisha mezani. Kesho yake vilevile. Siku ya tano nikamtania, "Baba bi harusi, unalala au unazimia?"

Hakucheka. "Nikifumba macho zinapita picha za simu tu, moja moja. Nikiamka mkono umenyamaza."

Nikatafuta la kumchekesha. Nikakosa. Mimi!

Zikabaki siku tatu kabla ya harusi. Akanipa simu yake. "Niandikie humo. Bi harusi, lesi, mwembamba." Nikaandika. Likaja gauni la kola ndefu. Akalishona bila kuinua kichwa, na mshono ulinyooka, maana ufundi wa cherehani haukumtoka.

Amira alikuja kulijaribu baba yake akiwa msikitini, alasiri. "Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba, bi harusi. Haya, ingia utuonyeshe."

Akavaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mbele ya kioo. Akaishika kola.

"Hili nimeliona, ba'mdogo. Rafiki yangu alinitumia picha, alichorewa na simu yake. Kola hii hii."

"Nguo hufanana, mwanangu."

"Baba amelilalia kweli?"

"Siku tano," nikasema. "Nilimwona kwa macho yangu."

Uwongo haukuwemo hata neno moja, na sijawahi kusema uwongo mkubwa kama ule.

Uwesu akarudi, akavua kofia. "Linakukaa?"

"Linanikaa, baba. Zuri sana."

Akamwambia ageuke. Akalitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama anavyotazama nguo aliyoshona fundi wa mtaa mwingine. Halafu akaniomba vifungo sita vyeupe, nami nikampa, tusitazamane.